Mpingo wa Manamba

Mjomba wangu hakukalia kiti alipochonga. Alikaa chini, juu ya gunia lililokunjwa mara mbili, nyuma ya nyumba ya bibi pale Mkunya, Newala, akalibana gogo kwa nyayo zake mbili. Nyayo ndizo zilizokuwa jiliwa lake. Gogo likitaka kugeuzwa, kidole gumba kililisukuma, kisigino kikalipokea, na tezo haikusimama. Kazi yangu mimi ilikuwa kuokota vibanzi vya kuwashia moto na kunyamaza. Kwetu Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mengi ambayo baba hamfundishi mtoto, mjomba humfundisha. Likizo zangu nyingi zilikwisha pale kwenye vibanzi. Sikuwa mchongaji, mikono yangu haikukubali. Nilichopata ni macho ya kutazama kazi hiyo, na sijaacha kuitazama.

Siku ya kwanza ya gogo jipya hukuona umbo lolote. Mpingo ukiukata una rangi mbili: nje tabaka jeupe lenye umanjano, ndani kiini cheusi kinachovuta kwenye zambarau. Lile jeupe wadudu hulipenda, kwa hiyo mjomba alilitoa kwa tezo, taratibu, akilizungusha gogo huku akitafuta nyufa. Mti huu haukui haraka. Unaofaa kukatwa huwa umesimama porini miaka 70 na zaidi, na katika miaka hiyo umepinda, moto wa nyika umeupitia mara kwa mara, na mara nyingi katikati umeoza ukabaki tundu. Fundi hajui tundu liko wapi mpaka alifikie. Kila ufa aliouona mjomba aliuwekea alama kwa kipande cha kopa, ule muhogo mkavu, maana juu ya weusi ule mkaa hauonekani. Jioni gogo lilikuwa na michirizi myeupe kama ramani, naye akawa anaitazama ramani hiyo bila kusema neno mpaka chakula kinaiva.

Kisha alilifunga kwa kitambaa kilicholowa akalilaza ndani, gizani, jua na upepo wa uwandani visilipasue. Maji ya kulowesha kitambaa hayakuwa jambo dogo. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Mchanga wake hunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini kwenye miteremko. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, lakini bomba halikutoa kila siku wala kwa kila mtu, na ndoo nyingi za utoto wangu zilipanda mlima juu ya vichwa vya wanawake. Bibi alimpimia mjomba kikombe kimoja kila jioni. Hakuwahi kumwongeza, naye hakuwahi kuomba.

Wengi hudhani kazi ngumu ni kuchonga sura. Kazi ngumu ni kunoa. Mpingo ni mzito kuliko maji, ukiutupa kisimani unazama, na hutafuna makali ya chuma kama mchwa anavyotafuna boriti. Mjomba alikuwa na tezo mbili, patasi tatu, kisu, tupa na kinoo, na nikikumbuka vizuri alishika kinoo muda mrefu kama alivyoshika tezo. Alinoa, akajaribu makali kwa ukucha, akapiga mara kumi au ishirini, akanoa tena. Alipopiga alisikiliza. Kiini kizima cha mpingo hulia kama chuma, na sauti hiyo ndiyo inayowafanya mafundi wa Ulaya waulilie mti huu kwa ajili ya klarineti na obo. Mlio ukififia ghafla, mjomba alijua mbele yake kuna uwazi au ufa usioonekana, akabadili upande kabla ya kuufikia.

Alianza juu, akashuka. Kichwa, shingo, mabega. Chini aliacha gogo zima ili nyayo zipate cha kubana. Maana yake ni kwamba kadiri kazi ilivyokaribia mwisho ndivyo kosa lilivyozidi kuwa ghali. Ukivunja siku ya tatu, umepoteza siku tatu. Ukivunja wiki ya nne, wakati mama ameshasimama juu ya mabega ya baba, na mtoto ananing'inia mgongoni mwa mama, na kati ya viungo vyao mwanga unapita, umepoteza mwezi mzima. Gundi haimo katika kazi hii. Nilimshuhudia akivunja mara moja tu. Mkono wa mzee mmoja wa kwenye kinyago ulikatika karibu na bega, ukaanguka juu ya gunia kwa sauti ndogo kama ya kokwa. Mjomba aliweka tezo chini, akanusa ugoro, akakaa hivyo mpaka magharibi. Kesho yake asubuhi nilipofika, palipokuwa na bega palikuwa panatokea kichwa cha mtoto anayechungulia.

Ujuzi wa mpingo mjomba hakuupata Mkunya. Wazee wetu wa huku walichonga zaidi miti myepesi: barakoa za kufunika uso zinazochezewa midimu vijana wakitoka jandoni, vijaluba vya ugoro, vitu vya nyumbani. Mjerumani Karl Weule alikaa Newala mwaka 1906, akakusanya kazi za mikono za watu wa uwanda huu, na makusanyo yake yakaenda kwenye makumbusho ya Leipzig. Mpingo mjomba aliujulia Tanga, kaskazini kabisa mwa pwani yetu, alikokwenda miaka ya 1950 kama manamba.

Vijana wa leo huenda neno hilo hawalijui. Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944, ilichukua vijana wa kusini na wa bara ikawapeleka mashambani kwa mkataba, kila mmoja na namba yake. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Mkonge wenyewe uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inauza zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Katika kambi za mashamba hayo mjomba alilala chumba kimoja na Wamakonde wa ng'ambo ya mto Ruvuma, wa uwanda wa Mueda, Msumbiji, waliokimbia kodi na kazi za kulazimishwa za Wareno. Hao ndio waliokuwa na mkono wa mpingo. Asubuhi walikata mkonge mpaka kipande cha siku kikaisha, viganja vikiwa vimechomwa na miiba. Jioni walikaa chini, wakabana gogo kwa nyayo, wakachonga. Jumapili walibeba kazi zao mjini wakawauzia wageni. Mjomba alisema alitazama miezi minne kabla ya kuomba aazimwe patasi.

Mimi nilifika Tanga nikiwa mtu mzima, kwa harusi, na siku mbili zilizobaki nikatembezwa. Nilikwenda mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, ambako maji yametoboa chokaa kwa muda usiohesabika. Nilisimama ufukweni nikaonyeshwa kisiwa cha Toten chenye magofu na makaburi. Nikaingia boma la zamani la Wajerumani, leo makumbusho, nikasikia habari za vita vya Novemba 1914, Waingereza na askari wao wa Kihindi walipotua kutoka meli na kushindwa. Kijana aliyetutembeza alikuwa hodari, hakukosea mwaka hata mmoja. Mkonge aliutaja, reli aliitaja, wenye mashamba aliwataja. Manamba aliwapitia kwa sentensi moja, na kinyago hakukitaja kabisa.

Nilikiona mwenyewe, jioni, kwenye kibanda cha makuti kando ya barabara. Sikuvutwa na vinyago vilivyopangwa mbele. Nilivutwa na nyayo. Mzee alikaa chini, juu ya gunia, gogo katikati ya miguu, kidole gumba kikisukuma na kisigino kikipokea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Newala. Mkunya."

Hakusema kitu. Alijisogeza, akaniachia nusu ya gunia.

Nilikaa hadi giza. Wenzangu walichoka kusubiri wakaenda zao. Katika muda huo walisimama wageni watano, weupe wawili na Watanzania watatu, na wote watano swali lao la kwanza lilikuwa bei. Mmoja alitaka kujua kama ule ni mpingo kweli. Mzee alikipindua kinyago akamwonyesha kitako: pembeni aliacha ukanda mwembamba wa lile tabaka jeupe, kama pindo la kanga. Ndivyo mafundi wengi wanavyofanya makusudi, maana sokoni wapo wanaochonga mti wowote laini kisha wakaupaka kiwi ya viatu. Uzito nao hausemi uongo. Mgeni aliridhika, akapiga picha, akaondoka. Patasi iliendelea pale ilipoachia.

Kazi hii ina majina makubwa, na ni haki yao kutajwa. Roberto Yakobo Sangwani hutajwa kwa mtindo ule wa watu waliobebana kuzunguka mti mmoja, uliokuja kuitwa ujamaa. Samaki Likankoa hutajwa kwa mashetani, yale maumbo yenye jicho moja na tumbo lililotobolewa. George Lilanga, aliyezaliwa Kikwetu, Masasi, mwaka 1934 na kufariki 2005, alianza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na picha na vinyago vyake vikafika Ulaya, Marekani na Japani. Mwaka 1984 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa wakaiba barakoa ya Kimakonde. Ikaonekana baadaye Geneva, kwenye jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, na mwaka 2010 ikarudishwa Tanzania. Kitu hakizungushwi mabara mawili kwa miaka 26 kama hakina thamani.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mapango ya Amboni ni mazuri, na magofu yahifadhiwe. Lakini katika orodha ya vya kuonyesha wageni, Tanga na hata huku kwetu, kinyago kimewekwa mahali pa zawadi ya kununua wakati gari linasubiri, na mchongaji hakuwekwa popote. Hilo ni kosa. Mtu anayeweza kusoma ufa kwa sikio na kugeuza bega lililovunjika kuwa mtoto ni wa kutazamwa, na kulipwa kwa kutazamwa, kama tunavyolipa kiingilio pangoni. Kivuli cha mkorosho kinatosha, na mkeka wa kukalia mgeni. Mti nao ulindwe. Vijiji vya Kilwa vimeonyesha njia: vinasimamia misitu yao ya mpingo vyenyewe, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri. Pasipo mpingo wa miaka 70, nyayo za fundi hazina cha kubana.

Kinyago cha mwisho cha mjomba kiko Newala, kwa dada yangu, juu ya kabati. Kina watu kumi na mmoja. Chini kimebaki gogo, halijaguswa, karibu kiganja kizima, kwa sababu alifariki kabla ya kulifikia, na tezo aliyoiacha sasa anayo mwanangu.

Msomaji, ukifika Tanga, au soko la vinyago la Mwenge pale Dar es Salaam, au ukipanda Newala kutazama Shimo la Mungu, mtafute mchongaji kabla ya kutafuta kinyago. Msalimie. Kaa naye saa moja. Bei iulize wakati unaondoka.