Fundi wa Mzigo

Kwenye ncha za dunia, vyombo vya wanasayansi vilivutwa na mbwa juu ya theluji. Njia ya msafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora haikuwa na mnyama wa kutegemewa, kwani mbung'o waliwamaliza farasi na punda. Barometa, dira na madaftari vilikwenda bara begani mwa mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa Mnyamwezi. Vitabu humsifu aliyesoma kipimo. Mimi namheshimu zaidi aliyekibeba.

Tazama kwanza namna ya kufunga. Mtumba wa nguo ulikuwa na uzito wa frasila mbili hivi, kilo 30 na ushee. Vitambaa vilikunjwa, vikashindiliwa mpaka vikawa vigumu kama gogo, vikaviringishiwa mkeka na kukazwa kwa kamba. Ubavuni zilifungwa fimbo ndefu zilizotokeza chini, ili pagazi akichoka auegemeze mzigo kwenye mti, kisha aurudishe begani bila kuinama wala kumwita mwenzake. Fimbo chache tu, na mgongo umepona! Shanga zilitiwa kwenye mifuko mirefu myembamba, na waya ukaning'inizwa kwenye ncha mbili za mti. Pembe kubwa ya ndovu ilikuwa mzigo wa fahari, ikibebwa na wenye misuli.

Safari ilianza alfajiri, kirangozi mbele na bendera yake. Nayo ilichukua miezi: mwandishi wa habari Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akafika Kwihara, jirani na Tabora, tarehe 23 Juni.

Sayansi ya wakati ule ilitegemea sana mikono ya wapagazi. Mwinuko ulipimwa kwa kuchemsha maji: Tabora, mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji hutokota kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Ukikosea nyuzi moja, umekosea mita 300. Mwaka 1858 wasafiri Burton na Speke, wakitumia kipimajoto kisichoaminika, waliandika kuwa Ziwa Tanganyika liko futi 1,850 juu ya bahari, kumbe ni zaidi ya 2,500.

Lakini kazi ninayoistaajabia kuliko zote ni ya mwaka 1873. Msafiri Livingstone alifia kwa Chifu Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili, wakauzungushia kaliko na gome la mti, wakaubeba pamoja na maandishi yake. Walipofika Unyanyembe, eneo la Tabora, walimkuta msafiri Mwingereza, Luteni Cameron, ambaye alishauri wauzike hapohapo. Wakakataa. Cameron akachukua barometa, dira na sekstanti za marehemu kwa safari yake mwenyewe; jambo hilo mimi sijalipenda. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji walizuia maiti isipite. Basi walifunga mabua ya mtama yakaonekana kama maiti, wakatuma watu wayarudishe Unyanyembe, na njiani hao wakayatupa porini kidogo kidogo. Maiti yenyewe ikafungwa upya, ikawa mtumba wa nguo kama mitumba mingine. Nani angeushuku? Februari 1874 ikafika Bagamoyo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na kuiua kazi ya upagazi kwenye njia ile, ila haikupanda Kilimanjaro. Mwaka 2000, mwanasayansi Lonnie Thompson alipotoboa barafu ya kilele kwa ajili ya utafiti wa hali ya hewa ya kale, wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, waliteremsha vipande vyake kabla havijayeyuka. Vikapelekwa Ohio, Marekani, kwenye kituo cha utafiti wa ncha za dunia, na barafu ya chini kabisa ikakadiriwa kuwa na miaka 11,700.

Ukizuru tembe la Kwihara, utasimuliwa habari za Livingstone na Stanley. Sikiliza kwa adabu, kisha uliza mizigo yao ilifungwa na nani.