Jengo Kwanza, Mchoro Baadaye

Kijana aliyesomea uashi, au binti aliyezoea kushika hesabu za vifaa saiti, akitaka kujifunza BIM hujibiwa karibu kila anapouliza: kasome AutoCAD kwanza, ujue kuchora, ndipo uje. Mimi nasema asirudishwe. Kazi hii ya kulijenga jengo zima ndani ya kompyuta, pamoja na taarifa za kila kiungo chake, haimdai mtu awe ametokea kwenye michoro. Inamdai ajue jengo linasimamaje.

Historia yake yenyewe inalithibitisha hilo. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa akisomea udaktari wake MIT, Marekani, alionyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. AutoCAD ikaja 1982, na ofisi baada ya ofisi zikaanza kuziacha meza za kuchorea. Ilikuwa hatua kubwa, lakini kilichobadilika ni kalamu tu. Mstari ulibaki mstari. Mistari miwili sambamba ilikuwa ukuta kwa sababu msomaji alikubali kuiona hivyo. Kompyuta haikuwa na habari.

Wengine walikuwa wameshashika njia tofauti. Katikati ya miaka ya 1970 Charles Eastman, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliinyooshea kidole kasoro ya michoro: kitu kimoja huchorwa mara nyingi, kwenye ramani, kwenye mkato, kwenye sura ya mbele, na kikibadilika lazima kifuatwe kote huko kisahihishwe. Akapendekeza kompyuta ihifadhi jengo lenyewe, na michoro itolewe humo. Kampuni ya Graphisoft ya Hungaria iliingiza programu ya namna hiyo, ArchiCAD, sokoni katika miaka ya 1980; Revit ikafuata mwaka 2000. Anayesema BIM ni darasa la pili la AutoCAD, basi, hajaitazama ilikotoka.

Chukua ukuta mmoja. Urefu mita 4, kimo mita 3, tofali la inchi sita. Kwenye Revit unaamua unaanzia levo gani na kuishia wapi, na una matabaka gani: lipu ya nje, tofali, lipu ya ndani. Ukishauweka, programu inajua una mita za mraba 12. Ingiza dirisha la mita 1.5 kwa 1.2. Ukuta unajitoboa wenyewe, eneo linashuka hadi mita 10.2, dirisha linajiandika kwenye jedwali la madirisha, na kwenye mkato linaonekana pale pale lilipo. Lisogeze nusu mita, michoro yote inalifuata. Lakini juu ya dirisha lile panataka lenta, na lenta lazima ilalie ukuta pande zote mbili. Chini yake maji ya mvua yanataka pa kumwagikia, yasiingie ndani. Hayo ni lazima uyaweke wewe, na huwezi kuyaweka usipoyajua. Aliyepandisha kozi za tofali kwa mikono yake anayajua bila kukumbushwa.

Chukua na bomba la maji machafu, la inchi nne, linalopita chini ya slabu kwa urefu wa mita 6. Kwa mteremko wa 1 kwa 40, ncha yake ya pili itakuwa imeshuka milimita 150. Kwenye ramani ni mstari mnyoofu usiogombana na mtu. Kwenye modeli unaliona likizama taratibu mpaka linagonga boriti. Saiti, jambo hili hugunduliwa zege likiwa limeshakauka: mtu anashika nyundo na patasi, boriti inatobolewa, pengine na nondo zinakatwa, na jengo linaishi na jeraha hilo miaka yote. Kwenye modeli, mhandisi, mbunifu na fundi bomba wanakaa pamoja wakalipitisha kwingine kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa. Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii. Inamwonea huruma fundi ambaye bado hajafika saiti, na mpangaji ambaye bado hajahamia.

Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu na Unguja wangeielewa upesi. Vyumba vyao ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kama mita 2.5 hadi 3. Boriti iliamua chumba, vyumba vikaamua nyumba. Ndivyo modeli nzuri inavyofanya kazi: vipimo vimefungamana, ukigusa kimoja vingine vinatii, na kila kimoja kina sababu ya kuwa vile kilivyo.

Sisemi kazi ni nyepesi. Asiyetokea kwenye michoro hana budi kujifunza kuisoma, maana saiti bado watu wanafanya kazi kwa karatasi. Na aikubali nidhamu ya mpangilio: gridi na levo kwanza, kisha nguzo, boriti na slabu, ndipo kuta, milango na madirisha, mapambo mwisho. Anayekimbilia picha za kuvutia huishia na nyumba nzuri ambayo kuta zake hazigusi sakafu. Waliopitia AutoCAD wana mengi ya kutufundisha kuhusu usafi wa mchoro na vipimo vinavyosomeka, na tuwaulize bila haya. Wao nao hulazimika kuyaacha mazoea ya kuurekebisha mchoro mmoja huku jengo likibaki na kosa lile lile.

Tangu Aprili 2016 serikali ya Uingereza inaitaka BIM katika miradi yake ya ujenzi, na tangu 2018 kuna kiwango cha kimataifa cha ISO 19650 kinachoeleza taarifa za jengo zisimamiwe vipi. Mafundi wetu wasikae wakingoja kuambiwa wamekidhi sifa za kuanza. FreeCAD haiuzwi, wala Blender na nyongeza yake ya Bonsai. Anza na nyumba unayoifahamu vizuri, ya wazazi wako ikiwezekana. Ipime kwa futi kamba, uijenge upya kwenye kompyuta kutoka msingi hadi kenchi. Ukikwama, mwendee fundi akuonyeshe kiungo hicho kinafungwaje, kisha urudi ukiweke mahali pake.