Bubu Anayesikia Kila Kitu

Acheni chochote mnachosoma sasa hivi mkaitafute One Flew Over the Cuckoo's Nest ya Ken Kesey! Ndiyo, ni riwaya ya mwaka 1962. Ndiyo, filamu yake ya 1975 huenda mmeiona, ile ya Jack Nicholson iliyozoa Oscar tano kubwa. Lakini filamu inamfuata McMurphy, mcheza kamari mwenye kelele aliyejiingiza hospitali ya wagonjwa wa akili kule Oregon ili akwepe kazi ngumu za shamba la gereza. Kitabu kinasimuliwa na mtu mwingine kabisa, na utamu wote uko hapo.

Anaitwa Chifu Bromden. Baba yake ni chifu wa wenyeji wa asili wa mto Columbia, mama yake Mzungu. Yeye ni pande la mtu, urefu wake unapita futi sita na nusu, na wodini kazi yake ni kufagia. Miaka nenda miaka rudi, wote wanaamini ni kiziwi na bubu. Wapi! Anasikia kila neno. Muuguzi Ratched na madaktari wanapanga mambo yao ya siri yeye akiwa palepale na ufagio, kwani nani atajisumbua kumfukuza asiyesikia? Nasi tunaingia kikaoni nyuma yake. Nilisoma kurasa hizo nimebana pumzi.

Na ule ukungu! Chifu anaamini wodi ina mashine ya kumwaga ukungu, kuta zimejaa nyaya na magurudumu, na hospitali nzima ni karakana ya mtambo mkubwa anaouita Combine, unaowachonga watu mpaka wafanane. Mwanzoni hutambui lipi kaliona na lipi kalizua kichwani. Vumilieni, tafadhali, kwa sababu kinachofuata ni ufundi wa hali ya juu. Kadiri Chifu anavyojirudia, sentensi zake nazo zinatakata. Mitambo inapungua, watu wanapata sura, na usiku mmoja anasimama dirishani, anamwona mbwa akinusanusa nje na anatueleza mbwa tu, mbwa wa kawaida, bila nyaya ndani yake. Nilitaka kupiga kigelegele! Hatangazi kwamba amepona. Tunaisikia lugha yake ikipona. Kesey, kwa taarifa yenu, alifanya zamu za usiku katika hospitali ya maveterani ya Menlo Park, California, na hukohuko alijitolea kujaribiwa dawa, LSD ikiwamo. Ukungu ule hakuusoma vitabuni.

Sasa, ububu umetoka wapi? Kesey anakuchelewesha makusudi, kisha anakuletea kumbukumbu moja ya utotoni ambayo imenikaa kooni. Wageni wa serikali wanafika kijijini kwao kutaka ardhi, kwa ajili ya bwawa la umeme. Wanaisema vibaya nyumba yao mbele ya mtoto. Mtoto anawajibu, tena kwa Kiingereza kizuri, na hakuna hata mmoja anayegeuza shingo. Wanaendelea kuongea kana kwamba hakuna mtu pale! Halafu wanaamua wasishughulike na baba, watampitia mama. Basi huko ndiko alikonyamazishwa, na hospitali ilikuja kupokea kazi iliyokwisha kuanzwa. Bwawa lenyewe si la kubuni: Machi 1957 bwawa la The Dalles liliyazamisha maporomoko ya Celilo, ambako wenyeji walivua samaki kwa maelfu ya miaka. Kitabu kilitoka miaka mitano tu baadaye.

Kurudi kwa Chifu hakuanzi kwa hotuba. Kunaanza kwa mkono. Wagonjwa wanapiga kura waruhusiwe kutazama besiboli kwenye televisheni, inapungua kura moja, na mkono wa Chifu unapanda. Kwanza anadai McMurphy ndiye aliyeuvuta kwa uchawi wake. Baadaye anakiri: ameuinua mwenyewe. Jamani! Na neno lake la kwanza baada ya miaka yote hiyo? Ni asante, kitandani, gizani, kwa kupewa pakiti ya jojo. Mwandishi mwingine angempa kilio cha kutikisa dari. Kesey kampa jojo, nami machozi yalinitoka.

Dosari zipo, tena si ndogo. Wanawake wake wengi ama ni watesaji ama ni wa kustarehesha wanaume, na wahudumu weusi wamechorwa kwa ubaya ambao msomaji wa Kiafrika hawezi kuufumbia macho. Unaweza kusema msimulizi ni mtu aliyejeruhiwa. Kwangu utetezi huo hautoshi. Inashangaza kwamba kitabu chenye sikio kali hivi kwa mnyonge mmoja ni kizito cha kusikia kwa wengine.

Bado nasema kisomeni, na kama filamu hamjaiona, isubiri kwanza. Kesey mwenyewe alikasirika kwamba usimulizi wa Chifu uliondolewa, na mkisoma mtamwelewa.

Mwisho siusemi ng'o. Ila mapema kuna mtambo wa chuma na saruji bafuni ambao McMurphy anajaribu kuunyanyua mbele ya wenzake, mishipa imemtoka, akashindwa. Uwekeni akilini. Mkifika unapotajwa tena, nipigieni simu hata kama ni saa nane usiku!