Picha Inayozua Ubishi

Nikiletewa picha za kufundishia watu wazima wa Nyamarambe habari za mazingira, kwanza naziweka kando zile zinazopendeza. Jua linatua, Mto Gucha unameremeta: watu watamsifu mpiga picha, kisha waulize chai iko wapi.

Picha bora hujulikana kwa ubishi. Ibandike barazani, unyamaze. Mzee akisema, "Hapo ni chini ya daraja," na mama mmoja akamkatiza, "Lakini hiyo mikaratusi haikuwapo, na chemchemi je?", basi somo limeanza bila mwalimu. Picha inayodai maelezo ya dakika kumi irudi ofisini.

Kisha angalia kipimo. Korongo lisilo na mtu laweza kuwa mfereji wa kurukwa na mtoto au shimo la kumeza ng'ombe. Mjuzi humsimamisha mtu mzima ndani yake, au huegemeza jembe ukingoni. Machimbo ya mawe ya sabuni kule Tabaka nayo yanataka hivyo hivyo. Mwanga pia: saa mbili asubuhi jua huja kwa ubavu na kila mfereji wa mmomonyoko hutupa kivuli, saa sita mchana mteremko wote huwa bapa kama meza.

Ila kipimo ninachokithamini zaidi ni miaka. Mwaka 1937 afisa wa kikoloni, Barnes, alipiga picha vilima vya Machakos vikiwa vimechakaa. Zaidi ya miaka 50 baadaye watafiti walisimama palepale wakapiga tena: matuta, miti, mashamba, ingawa watu walikuwa wameongezeka takriban mara tano. Huku Gusii, ambako kila lawama huishia kwa "tumezaana mno", picha mbili za namna hiyo zina kazi kubwa. Kwa hiyo namuuliza mpiga picha: uliweka alama uliposimama? Jiwe, au kona ya kanisa? Kama hakuweka, bei yangu hushuka nusu.

Picha inayoonyesha boma la mtu siipokei, hata iwe na mwanga wa ajabu. Mto utasahauliwa, mwenye boma ageuke mshtakiwa, naye ndiye tuliyetaka apande miti.

Mwisho, ichapwe kubwa. Ukiipitisha kwenye simu juani, aliyeketi nyuma huona uso wake tu.