Filimbi Ndogo Kando ya Honi

Hapa Namtumbo yuko fundi redio asiyetupa kitu. Skrubu moja tu ataitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kisha atabandika plasta juu yake na kuandika ilitoka kwenye redio gani. Nilimwuliza, "Fundi, hivi vyote vya nini?" Akajibu, "Mwenyewe atakuja siku moja, mwalimu."

Humkumbuka kila ninaposoma habari za watunzaji wa fonografu, mashine iliyonasa sauti kwenye silinda ya nta kabla santuri za sahani hazijatawala. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alikuja nayo Masasi na Newala, upande tunaouelekea tukitoka hapa kupitia Tunduru. Majeraha ya vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani yalikuwa mabichi. Nduna wa Wangoni, Songea Mbano, alikuwa amenyongwa Februari mwaka huo huo. Kwenye nta ile ziliingia nyimbo za watu wa kusini, na za wapagazi wake Wanyamwezi. Sauti za namna hiyo zimehifadhiwa katika hazina ya Berlin iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900, yenye silinda zipatazo 16,000, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 1999 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Silinda husifiwa na wengi. Mimi nasifu vikorokoro vyake.

Chukua kichwa cha kusomea sauti. Ni kidude cha kutosha kiganjani: utando mwembamba, uzito unaoning'inia chini yake, na ncha ya yakuti isiyozidi punje ya mchanga. Mjuzi hukigeuza kwenye mwanga, akasoma herufi iliyochongwa. Cha Edison chenye C ni cha silinda ya dakika mbili, yenye mifereji 100 kwa inchi. Chenye H ni cha ile ya dakika nne, yenye mifereji 200, iliyotoka mwaka 1908. Vifananavyo hivyo vikibadilishana nafasi, ncha haikai sawasawa mferejini, na nta ni laini, ikishachimbika, imechimbika. Kisha huitazama raba iliyoushika utando. Ikiwa imekauka kama gome, huitoa taratibu na kuweka mpya, na ile kuukuu haitupi.

Lakini kinachonigusa kuliko vyote ni filimbi. Hazina ya Berlin iliwaagiza wasafiri waipulize mbele ya honi ya fonografu mwanzoni mwa kurekodi, sauti moja iliyojulikana kimo chake. Mashine ziliendeshwa kwa springi, na hazikuzunguka zote kwa mwendo mmoja. Wimbo ulionaswa polepole ukichezwa haraka, mzee wa makamo atasikika kama mtoto, na ngoma ya maziko itakimbia kama ya harusi. Msikilizaji wa leo hurekebisha mwendo mpaka filimbi ifike kimo chake, na hapo mwimbaji hurudi na koo lake mwenyewe. Kijifilimbi hicho, ambacho mtu angempa mtoto akichezee, ndicho shahidi wa pekee kwamba babu yule aliimba kwa sauti nzito.

Ndiyo maana naiheshimu kazi ya kutambua vitu hivi kuliko ya kuvikusanya. Mkusanyaji hutaka king'aacho, hata akakisugua mpaka herufi zikafutika. Mtambuzi huacha kutu ya zamani mahali pake, huishika silinda kwa vidole viwili vilivyotanuliwa ndani ya tundu lake bila kugusa mifereji, huisimamisha wima mbali na joto na unyevu unaozaa ukungu, na huandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi wewe uliyerithi sanduku la babu, kabla hujamwita mnunuzi wa chuma chakavu, kaa nalo jioni moja. Ukikuta honi iliyopinda, kidude chenye herufi au kijifilimbi usichokijua kazi yake, kifunge kwenye kitambaa kikavu, uandike kilitoka kwa nani na wapi, kisha ukipeleke Makumbusho ya Majimaji pale Songea.