Jibu Limeishia Wapi? Ufundi wa Konsoli ya Mbali ya Seva ya Mchezo

Desemba 1971, wanafunzi wa shule moja ya Minneapolis walikaa mbele ya mashine ya Teletype isiyo na skrini wakacheza The Oregon Trail, mchezo wa safari ya magari ya maksai kuelekea magharibi mwa Marekani. Waliouandika ni vijana watatu waliokuwa wakifanya mazoezi ya ualimu kutoka Chuo cha Carleton, Northfield: Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger. Kompyuta yenyewe, aina ya HP 2100, haikuwa darasani. Maneno yalisafiri kwa laini ya simu, mashine ikayachapa kwenye karatasi kwa kasi ya herufi kumi hivi kwa sekunde, kisha ikachapa alama ya kuuliza na kunyamaza. Mtoto alijua kwamba kompyuta imemaliza na zamu ni yake.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1991, Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa Gopher, mfumo wa kusoma na kutafuta habari mtandaoni uliotangulia kuenea kwa Wavuti. Klaienti ya Gopher hufungua muunganisho kwenye poti 70 na kutuma mstari mmoja. Seva hujibu, na mwisho wa orodha au maandishi huweka nukta peke yake kwenye mstari wake. Ukiiona nukta, jibu limekwisha.

Nimeanza na mifumo hii miwili ya Minnesota kwa sababu yote miwili ililitatua mapema tatizo ambalo itifaki ya RCON, inayotumika leo kuendesha maelfu ya seva za michezo kutoka mbali, iliacha bila kulitatua. RCON haisemi jibu limeishia wapi. Klaienti nyingi za kujiundia hufanya kazi vizuri siku ya kwanza, zikaharibika siku jibu linapokuwa refu, na chanzo ni hicho.

Mfano wa karibu wa anayehitaji konsoli kama hiyo uko hapahapa Minnesota: Lakeville, mji wa kaunti ya Dakota, zaidi ya kilomita 30 kusini mwa Minneapolis kwa barabara ya I-35. Sensa ya 2020 iliukuta mji una wakazi karibu 70,000. Nyumba nyingi huku zina chumba cha chini ya ardhi, na humo ndimo kompyuta iliyostaafishwa hugeuzwa seva ya Minecraft. Chukua familia yenye watoto hapa na binamu zao Mombasa. Mombasa ikiwa saa kumi alasiri na watoto wametoka shule, Lakeville wakati wa kiangazi ni saa mbili asubuhi, na wakati wa baridi ni saa moja. Mwenye seva yuko njiani kwenda kazini, ujumbe unaingia: “Shikamoo mjomba. Seva imekwama, tumo sita na hakuna anayeweza kutembea.” Anahitaji kuuliza seva ina nani ndani, atangaze kwamba itazimwa, ahifadhi ulimwengu wa mchezo, aizime na kuiwasha tena. Yote hayo ni maandishi mafupi. Kazi ya konsoli ya mbali ni kuyafikisha salama na kuleta majibu yakiwa kamili.

Umbo la pakiti ni jepesi kwa kusoma. Toleo la RCON lililoenea zaidi ni lile la kampuni ya Valve kwa injini yake ya michezo, Source, ambalo Minecraft ya Java ililiiga. Kila pakiti ina namba tatu za biti 32, baiti ndogo ikitangulia: urefu, kitambulisho na aina. Baada yake hufuata maandishi, kisha baiti mbili za sifuri. Urefu haujihesabu wenyewe. Amri ya kuuliza walioingia, list, ina herufi nne. Ongeza sifuri mbili za mwisho, ongeza baiti nane za kitambulisho na aina, unapata 14. Kwa hiyo waya hubeba baiti 18: 0E 00 00 00, kisha 01 00 00 00, kisha 02 00 00 00, kisha 6C 69 73 74, na 00 00 za kufungia. Anayeanza aichore pakiti hii kwa mkono kwenye karatasi kabla ya kugusa kibodi, maana hitilafu nyingi za siku za mwanzo hutokana na hesabu hiyo ya 14 na 18.

Aina ya 3 ni kuingia kwa nywila, aina ya 2 ni amri, aina ya 0 ni jibu. Lakini 2 ina maana mbili: ikitoka kwa klaienti ni amri, ikitoka kwa seva ni hukumu ya nywila. Nywila ikikubaliwa, kitambulisho ulichotuma kinarudi kilekile. Ikikataliwa, kinarudi -1. Anayezisoma namba hizi kana kwamba hazina alama ya kutoa ataona 4294967295 na kudhani seva imeharibika. Seva za Valve hutanguliza jibu tupu la aina ya 0 kabla ya hukumu, ilhali Minecraft huleta hukumu moja kwa moja. Basi klaienti isikubali wala kukata tamaa kwa pakiti ya kwanza. Ipite zote za aina ya 0 mpaka ifike ya aina ya 2.

Sasa tufike penye kazi. RCON ya Source inapita juu ya TCP, na TCP haijui pakiti zako. Inajua mtiririko wa baiti tu. Ukituma baiti 18, upande wa pili unaweza kuzipokea zote pamoja, au 7 kwanza na 11 baadaye, au zikiwa zimeshikana na zile ulizotuma nyuma yake. Kwa hiyo msomaji wa klaienti asiombe “pakiti”. Asome baiti 4 kamili, azungushe kitanzi mpaka zitimie, apate urefu, kisha asome baiti kamili za urefu huo na asizidishe hata moja. Kama muunganisho umekatwa katikati, hilo ni kosa la kuripotiwa waziwazi, wala si jibu fupi. Kipande hiki cha programu hakizidi mistari kumi, na ndicho ninachokitazama kwanza nikipewa klaienti ya mtu niipime.

Baada ya hapo linabaki swali la mwisho wa jibu. Jibu refu hukatwa vipande. Minecraft hutuma maandishi hadi baiti 4096 kwa kipande, vyote vikiwa na kitambulisho kimoja, na hakuna kinachosema “mimi ndiye wa mwisho”. Baadhi ya waundaji hukisia kwamba kipande kisichofika 4096 ndicho cha mwisho. Kisio hilo huwa sahihi mara nyingi, mpaka lije jibu la 4096 kamili, hapo klaienti inakaa ikisubiri kisichokuja. Wengine hungoja sekunde moja, na kukiwa kimya huhesabu limekwisha. Hao wamejichelewesha kwa kila amri, na siku mtandao ukizorota watapokea nusu ya orodha wakaiamini.

Njia iliyo imara ni kuitengeneza alama ambayo RCON haikutupa. Unatuma amri yenye kitambulisho 10, kisha unatuma pakiti ya pili yenye kitambulisho 11 ambayo kazi yake ni kurudi tu. Kwa kuwa seva hujibu kwa mpangilio iliopokea, jibu lenye 11 likionekana, vipande vyote vya 10 vimeshafika. Kwa seva za Valve, pakiti ya pili huwa ya aina ya 0 na tupu. Seva huirudisha kama ilivyo, kisha huongeza nyingine ndogo yenye baiti za ziada. Hiyo nayo isomwe na kutupwa, la sivyo itajitokeza kama jibu la amri inayofuata. Kwa Minecraft, unatuma aina ambayo seva haiitambui, nayo hujibu Unknown request ikifuatwa na namba ya aina hiyo, huku kitambulisho chako kikiwa kimehifadhiwa. Hilo linatosha.

Ila Minecraft ina mtego wake. Seva yenyewe inatenda kosa nililoonya dhidi yake hapo juu: husoma kilichofika kwa mkupuo mmoja, hadi baiti 1460, na urefu ulioandikwa usipolingana na kilichofika, hukata muunganisho. Ukituma amri na alama yako mfululizo, mfumo wa mtandao unaweza kuziunganisha, na seva ikakufukuza bila maelezo. Ukituma kichwa cha pakiti kwanza na maandishi baadaye, hali ni hiyohiyo. Dawa ni kuiunda pakiti nzima kwenye kumbukumbu, kuituma kwa wito mmoja, kungoja kipande cha kwanza cha jibu, ndipo utume alama. Klaienti ya kweli basi inahitaji kujua inazungumza na seva ya aina gani. Anayedai ameandika moja ya seva zote bila tofauti hizi ajaribiwe kwa jibu refu.

Kungoja huko kuna gharama, na kwa familia zetu gharama yake inapimika. Kutoka Lakeville hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 13,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya sekunde 0.13, na nyaya za baharini hazinyooki. Mwenye seva akiwa likizoni Mombasa, klaienti inayofungua muunganisho mpya kwa kila amri inalipa safari nne: kufungua TCP, nywila, amri, alama. Hiyo ni nusu sekunde hata kwa hesabu ya mwanga mtupu. Klaienti inayoshika muunganisho mmoja inalipa safari mbili. Ndiyo sababu mimi huweka muunganisho wazi na kuuamsha kila baada ya muda kwa list, ili ruta ya nyumbani isiuhesabu umekufa.

Kuhusu usalama sina lugha laini. RCON ya Source hupitisha nywila waziwazi, bila usimbaji wowote. Desturi hii ni ya kale. Kwenye mchezo wa QuakeWorld wa 1996 amri ilikwenda kwa UDP, baiti nne za FF zikifuatwa na neno rcon, nywila na amri, kila kitu kikisomeka. Mwaka 1998 ikafichuka kwamba seva za Quake zilikuwa na mlango wa nyuma: amri iliyotoka kwenye anwani za 192.246.40, mtandao wa waundaji id Software, ikiwa na nywila tms, ilitekelezwa bila kuandikwa kwenye kumbukumbu za seva. Na kwa kuwa UDP haithibitishi mtumaji, mtu yeyote aliweza kughushi anwani hiyo. Kuhamia TCP kulipunguza kughushi. Hakukuficha nywila.

Kwa hiyo poti 25575 ya Minecraft isifunguliwe kwenye ruta ya nyumbani hata siku moja. Zuia kwa ngome ya mtandao kila anayetoka nje, kisha ingia kwa SSH na upitishe poti hiyo ndani ya handaki lake. Klaienti inaunganisha na 127.0.0.1 kwenye simu au kompyuta yako, na SSH inabeba kila kitu kikiwa kimefichwa. Nywila isome kutoka faili lenye ruhusa ya mwenyewe tu. Ukiiandika kwenye mstari wa amri, yeyote mwenye akaunti kwenye mashine hiyo anaweza kuiona kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa.

Maandishi yenyewe yanatupendelea. Valve ilipanga mwili wa pakiti uwe ASCII, na Kiswahili sanifu huingia humo kizima, hata ng' yenye ritifaa. Tangazo “say Seva inazimwa baada ya dakika tano, tafuteni pa kujihifadhi” linafika Mombasa bila herufi kupotea.

Faida ya kujua mwisho wa jibu huonekana zaidi kwenye nakala rudufu. Utaratibu ni save-off ili seva iache kuandika yenyewe, save-all flush ili kila kilichomo kwenye kumbukumbu kishuke diskini, kunakili folda ya ulimwengu, kisha save-on. Klaienti isiyongoja jibu la save-all huanza kunakili faili zikiwa bado zinaandikwa, na nakala hiyo huonekana nzima mpaka siku unapoihitaji. Na save-on lazima itumwe hata kunakili kukishindikana, kwa hiyo iwekwe kwenye sehemu ya programu inayotekelezwa kwa vyovyote vile. Seva iliyoachwa na save-off itawaacha watoto wajenge siku nzima, umeme ukikatika kazi yao yote ipotee.

Kisha muunganisho ukikatika baada ya amri kuondoka na kabla ya jibu kufika, klaienti haiwezi kujua kama amri ilitekelezwa. Kurudia list hakuna madhara. Kurudia give kunampa mtoto mmoja almasi maradufu na kuzusha kesi kati ya binamu. Kwa hiyo klaienti ninayoiona imekamilika hujiunganisha upya yenyewe, lakini hurudia yenyewe amri za kuuliza tu. Za kubadilisha inazionyesha kwa mwenye seva zikiwa na neno “haijulikani” pembeni, na inamwacha aangalie hali ya ulimwengu kwanza, ndipo aamue kama atazituma tena.