Nazi Tatu na Mzega: Hesabu ya Kukata Kitambi Bila Kupoteza Misuli

Tuanzie jikoni, maana ndiko kitambi kinakopikwa. Chukua nyumba moja ya Baleni, kisiwani Mafia, yenye walaji wanne watu wazima, siku ambayo mambo yamenyooka: wali wa nazi, samaki wa nazi, kisamvu cha nazi. Mpishi amekaa juu ya mbuzi, amekuna nazi tatu, amekamua tui zito na tui jepesi, na kuku wametupiwa machicha. Nazi moja ya wastani ina takriban gramu 400 za nyama, na humo mna kama kilokalori 1,400, nyingi zikiwa za mafuta. Tuseme nusu imeondoka na machicha. Zimebaki 700 kwa kila nazi, yaani 2,100 kwa zote tatu. Gawa kwa wanne: kila mlaji amemeza kilokalori 525 za tui peke yake, kabla hatujahesabu wali, samaki wala kisamvu chenyewe.

Mlaji huyo huyo jioni anakwenda kupiga tizi. Anakimbia barabara ya Kilindoni hadi fulana inalowa, kisha anashika chuma chepesi na kukirudia mara hamsini, kwa imani kwamba marudio mengi ndiyo yanayochoma mafuta. Usiku hali, au anakula muhogo mkavu na chai. Miezi miwili baadaye uso umekonda, mabega yamelegea, na tumbo bado lipo. Mizani inasema amepungua. Kioo kinasema kingine.

Mtu huyu si mvivu. Kosa lake ni la mgawanyo wa kazi: ameipa tizi kazi ya jiko, na kazi halisi ya tizi haikufanywa na mtu. Katika kupunguza mafuta, mlo ndio unaopunguza, na uzito unaonyanyuliwa unalinda misuli isiondoke pamoja na mafuta. Ukizichanganya kazi hizi mbili, zote zinaharibika.

Ushahidi wa nusu ya kwanza ya hoja hii ulipatikana hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 mtaalamu wa Marekani, Herman Pontzer, na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha vipimo walivyofanya kwa Wahadzabe, wawindaji na wachuma matunda wa karibu na Ziwa Eyasi. Waliwanywesha maji maalumu yenye atomi nzito za haidrojeni na oksijeni, kisha wakafuatilia kwenye mkojo kasi ambayo atomi hizo zilikuwa zikitoka mwilini. Kasi hiyo huonyesha ni nishati kiasi gani mwili umetumia kwa siku, bila kumfungia mtu chumbani.

Wanaume wa Kihadzabe walitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku. Kila mtu alitarajia wawe wametumia nishati nyingi kuliko Mmarekani anayeshinda kitini. Haikuwa hivyo. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, tofauti haikuonekana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti yake: ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana matumizi kwingine. Kutembea kuna faida nyingi kwa moyo na sukari ya damu, na wala sikukatazi. Lakini anayetarajia kilomita zake zilipe deni la nazi tatu atangoja sana.

Sasa nusu ya pili. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mpenda mazoezi anapaswa kujua lilivyopangwa. Walichukua vijana wa kiume 40 wenye uzito uliozidi. Kwa wiki nne waliwapunguzia nishati kwa asilimia 40 ya mahitaji yao, pungufu kubwa kweli. Wote walifanya mazoezi makali siku sita kwa wiki, vyuma vikiwemo. Tofauti iliwekwa sehemu moja tu: kundi moja lilikula gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, jingine gramu 2.4.

Kundi la protini nyingi lilipoteza kilo 4.8 za mafuta na likaongeza kilo 1.2 za mwili usio na mafuta. Kundi la protini kidogo lilipoteza kilo 3.5 za mafuta, na mwili wake usio na mafuta ukabaki karibu palepale. Tazama hata hao wa pili: wamekatwa asilimia 40 ya chakula, na misuli haikuondoka. Vyuma viliishikilia. Protini ndiyo iliyotenganisha kushikilia na kuongeza.

Ila usiige kasi ile. Vijana wale waliandaliwa chakula na kusimamiwa, walikuwa na akiba kubwa ya mafuta, na jaribio lilikuwa la mwezi mmoja. Kwa mtu ambaye tayari ana mazoezi mwilini, kipimo kinachomfaa kilitoka Norway mwaka 2011. Wanamichezo waliopungua polepole, kama asilimia 0.7 ya uzito kwa wiki, waliongeza mwili usio na mafuta kwa asilimia 2.1 huku wakipungua. Waliokimbilia asilimia 1.4 kwa wiki hawakuongeza kitu.

Sababu yake haina uchawi. Misuli hugharimu kuitunza, na mwili wenye njaa hufanya kama nyumba iliyoishiwa: huuza kwanza kile ambacho hakuna anayekitumia. Uzito mkubwa ni taarifa kwamba mali hii inatumika, isiuzwe. Ndiyo maana kupunguza uzito wa chuma na kuongeza marudio wakati wa dayati ni kinyume cha kinachotakiwa, kwa sababu taarifa inadhoofika wakati ule ule ambao mnunuzi yuko mlangoni. Ukichoka, punguza idadi ya seti, uzito uache ulivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba vijana waliojenga misuli kwa wiki 16 waliweza kuitunza kwa wiki 32 zilizofuata wakifanya sehemu moja tu ya tisa ya kazi ya awali, mradi uzito ubaki mkubwa. Wenye miaka 60 na zaidi walihitaji kazi nyingi kuliko hiyo. Washiriki wale hawakuwa kwenye dayati, basi mimi nisingeshuka hadi huko. Mtu wa Baleni akitoka seti tano hadi tatu, hajaharibu kitu.

Uzito wenyewe utatoka wapi? Jimu ya vioo haihitajiki. Tuna mzega. Mti mmoja imara, madumu mawili ya lita 20, na kamba. Uzuri wa dumu ni kwamba lina vipimo ndani yake, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Anza na lita 10 kila upande, kilo 20 kwa jumla mbali na mti. Chuchumaa na mzega mabegani hadi mapaja yalale sawa na ardhi, kisha simama. Ukiweza marudio 12 kwa seti tatu huku mgongo umenyooka, ongeza lita moja kila upande. Hizo ni kilo mbili, hatua ndogo ambayo hata jimu nyingi hazina. Dumu likijaa, hamia kwenye mchanga: lita 20 za mchanga mkavu hupita kilo 30. Maangalizo mawili ya fundi: maji ya nusu dumu hucheza na kukuyumbisha, basi shuka taratibu, na kamba iwe fupi kiasi kwamba madumu hayagusi ardhi ukiwa chini kabisa.

Zamu tatu kwa wiki zinatosha. Kuchuchumaa na mzega. Kunyanyua madumu kutoka chini, moja kila mkono. Pushapu, ukiwa na mfuko wa mchanga mgongoni zikishakuwa nyepesi. Kujivuta kwenye tawi imara, au kuinama na kuvuta dumu hadi kiunoni. Kila seti iwe na marudio kati ya sita na 12, na uache akiba ya rudio moja au mawili. Andika kwenye daftari lita ulizobeba. Daftari hilo ndilo kipimo chako cha kwanza: uzito wa mwili ukishuka na lita zisishuke, misuli ipo.

Turudi jikoni tukamilishe bajeti. Lengo ni pungufu la kilokalori 500 kwa siku. Kwa nazi tatu mlaji alipata 525. Mkipika kwa nazi moja badala ya tatu, anabaki na 175, na 350 zimeokolewa. Chai vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko tisa vya kilokalori 16 hivi, jumla 144. Ziondoe. Umeokoa 494 bila kugusa punje ya wali. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kilokalori 7,700, kwa hiyo pungufu hilo ni kama nusu kilo kwa wiki, kilo tano kwa wiki 12. Kwa mtu wa kilo 85 hiyo iko chini ya asilimia 0.7, salama kabisa. Wiki ya kwanza mizani ikishuka kilo mbili usishangilie, mengi ni maji.

Protini kwa mtu huyo iwe kama gramu 140 kwa siku. Mafia si mahali pa kuikosa. Pweza aliyepikwa gramu 150 anakupa kama 45, samaki aliyepikwa gramu 200 anakupa 50, mayai matatu 18, dagaa wakavu gramu 30 wanakupa kama 18, na sahani ndogo ya maharage inaziba pengo. Najua pweza wengi wa kisiwa hiki huuzwa nje, na bei inawafuata. Dagaa hawajawahi kumtupa mwenye mfuko mwepesi: asiye na pweza aongeze dagaa.

Mwezi wa Ramadhani huvuruga wengi. Mchana njaa, futari mihogo ya nazi na kaimati, na tizi imewekwa kando hadi Shawwal. Hapo ndipo misuli huuzwa. Usiache mzega. Punguza seti ziwe mbili, fanya muda mfupi kabla ya futari au baada ya tarawehe, na samaki awepo kwenye futari na kwenye daku pia. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mwenye figo dhaifu, mjamzito na anayenyonyesha, wote wazungumze na daktari kabla ya kuanza kupunguza chakula.

Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani kila Ijumaa asubuhi kabla ya kula, kwenye usawa wa kitovu. Kiuno kikipungua na lita za dumu zisipungue, mpango unafanya kazi hata kama mizani imegoma wiki mbili. Vyote viwili vikishuka, unakula kidogo mno au protini haitoshi. Rudisha chakula kidogo na ongeza samaki. Visiposhuka vyote viwili, rudi jikoni ukahesabu vifuu.